Nyumba yako iko ufukweni na ukoo mzima unakuja Krismasi: tuambizane ukweli

Maji_Kupwa (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Desemba hii natimiza Krismasi ya 8 nikipokea ndugu kwenye nyumba iliyo hatua chache kutoka baharini. Kila mwaka naona watu wanaomba ushauri tarehe 23, wageni wakiwa njiani na magodoro ya kuazima yameshaisha mtaa mzima. Nimeona nianzishe uzi mapema.

Naanza na aibu yangu. Mwaka wa kwanza walikuja watu 14. Mama akaamua, na Mama akiamua imeamuliwa, kwamba mlo wa Krismasi uliwe mchangani saa saba mchana. Tukachagua mahali pazuri, pakavu, mchanga umejipanga laini kama sakafu iliyopigwa mwiko. Hakuna aliyejiuliza kwa nini pale tu ndipo palikuwa laini hivyo. Mikeka ikatandikwa, sufuria zikashuka, sala ikasomwa. Wimbi la kwanza lilimgusa shangazi vidole, akacheka. La pili likabeba ndala za watoto. La tatu lilikuja na ajenda, likaondoka na sufuria ya kuku. Mimi nimesimama na upawa mkononi.

Tangu siku ile nina kanuni moja: nyumba ya ufukweni haiendeshwi na saa ya ukutani, inaendeshwa na maji. Sehemu nyingi bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, zaidi kidogo ya saa 6 kati ya kujaa na kupwa, na kila siku mpya inachelewa kama dakika 50. Leo maji yakijaa saa nne asubuhi, kesho ni karibu saa tano, keshokutwa yanaikaribia saa sita. Ndiyo maana mgeni anakwambia "jana saa hizi tuliogelea hapahapa" huku anatazama tope na mwani.

Halafu kuna mwezi. Ukiwa mpevu au ukiandama, siku hizo na moja mbili zinazofuata ni bamvua: maji yanajaa kupita kiasi na yanakupwa kupita kiasi. Mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu, bahari haisogei sana. Sasa shikeni hili: mwaka 2026 mwezi mpevu unaangukia tarehe 24 Desemba, tena ukiwa karibu na dunia kuliko kawaida. Krismasi yote itakuwa ndani ya bamvua. Kama ufuo wako ni tambarare, bahari itakwenda mbali hadi wageni wakuulize imehamia wapi, kisha itarudi hadi mahali ambapo hamjazoea kuiona.

Kuna pwani ambazo maji hupanda mara moja tu kwa siku, na nyingine hayapandi kwa kiasi cha kumsumbua mtu. Kwa hiyo usinukuu saa zangu, tafuta jedwali la maji la kwako. Mimi nalichapa nalibandika kwenye friji. Mtu akiniuliza "leo tunafanya nini?" namwonyesha friji.

Karibuni tuchangie. Vitanda, choo, chakula, mama mkwe, chochote.

---

Godoro_la_Sita

Nimekaa mkao wa kula. Mkuu, mnalalaje watu 14? Mimi nina vyumba vitatu na kibaraza.

---

Maji_Kupwa

Wazee na wenye watoto wachanga ndani. Vijana kibarazani, chini ya chandarua, na wanakupenda zaidi kwa hilo. Usimpe mtu chumba kizuri halafu ukamhamisha tarehe 26 kwa sababu kaja mkubwa kuliko yeye. Panga kabla, tuma kwenye gurupu la familia, nani analala wapi. Malalamiko yaishe wakiwa bado kwao.

Nyongeza ndogo: shuka nyepesi za pamba, moja kwa kila kichwa na moja ya akiba. Mablanketi mazito yatawachekesha tu.

---

MamaPacha

Naomba niseme kitu ambacho wanaume humu hamtakisema.

Mwaka juzi nilipokea watu 11 kwa siku 9. Naishi mbele ya bahari. Katika siku hizo 9 niliingia majini MARA MOJA, tena jioni, nimekwenda kumwita mtu aje kula. Wao wako likizo. Mimi niko zamu. Saa kumi na mbili asubuhi kuna mtoto anataka chai, saa nne usiku kuna shemeji anatafuta barafu. Na kila anayepita jikoni anasema "yaani wewe unaishi peponi". Pepo gani ina masufuria ishirini?

Jambo ambalo wageni hawalioni ni kwamba kwetu hapa SI likizo. Ni nyumbani. Nilikuwa nafanya kazi hadi tarehe 24 na nikarudi kazini tarehe 27, wao wamelala.

---

Jembe_la_Tatu

MamaPacha umenena. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wageni wa pwani wanajua kuhesabu hadi mbili tu.

---

Upepo_Mwanana

Nipingane kidogo. Shangazi yangu amesafiri siku nzima barabarani, magoti yanamuuma, tumeonana mara ya mwisho msibani. Leo nimpe jembe? Kama hutaki watu usiwaalike. Ukaribu wa bahari usitufanye tuwe wenye hoteli.

---

MamaPacha

Shangazi mwenye magoti ana kiti chake kibarazani na chai namletea mwenyewe. Nazungumzia kijana wa miaka 27 anayeacha kikombe kwenye mchanga akijua "dada atakiokota".

---

Maji_Kupwa

Msigombane, wote mko sahihi, ila kosa linaanzia kwenye mwaliko. Sisi tunaalika hivi: "Karibuni sana, nyumba ni yenu." Halafu wanaichukua nyumba kama yao, tunanuna.

Siku hizi mwaliko wangu una mambo matatu. Moja, tarehe ya kufika NA ya kuondoka. Nauliza waziwazi, "tiketi ya kurudi ni ya tarehe ngapi?" kwa sauti ileile ninayouliza hali ya watoto. Pili, siku ambazo mimi nitakuwa kazini. Tatu, mlo. Hela siombi, maana hela inaleta hesabu na hesabu inaleta maneno. Kila familia inachukua mlo mmoja wa siku: kununua, kupika, kuosha vyombo. Wazee hawamo kwenye orodha. Matokeo yake ni kwamba kaka yangu, ambaye sikuwahi kumwona ameshika kisu, sasa ana siku yake ya samaki na anatukataza kuingia jikoni.

Na saa moja kila siku, maji yakiwa mazuri, mwenyeji anakwenda kuogelea na haulizwi kitu. Mke wangu ndiye aliyeitunga hiyo. Ameiandika kwa kalamu nyekundu kwenye jedwali la friji.

---

MamaPacha

Hiyo ya kalamu nyekundu naiba leo hii.

---

Sista_Zamu

Habari zenu. Nafanya kazi ya uuguzi na nimekuwa zamu Krismasi nyingi kwenye mji wa ufukweni. Ndugu zenu huwa nawapokea mimi, kwa hiyo nivumilieni, nitaandika kirefu.

Mwili unahitaji kama wiki moja hadi mbili kuzoea joto. Mgeni anakuja siku 5 kutoka kwenye baridi. Maana yake anaondoka kabla mwili wake haujazoea. Ratiba ya saa sita mchana, kutembea, kucheza mpira mchangani, hiyo ni ya mwenyeji, si yake. Wazee wanaotumia dawa za presha, hasa zile za kuongeza mkojo, wanakauka maji haraka na hawasikii kiu mapema. Mpe maji, usimuulize kama ana kiu.

Jua. Watu wanapaka mafuta ya kukinga jua kama wanapaka manukato. Mtu mzima anahitaji kama vijiko viwili vikubwa kwa mwili mzima, arudie kila saa 2 na kila akitoka majini. Wingu jepesi halizuii kitu, sehemu kubwa ya miale inayounguza hupita. Ukiwa ndani ya maji, nusu mita chini ya uso, miale bado ina karibu asilimia 40 ya nguvu yake, na mchanga unarudisha kama asilimia 15, ndiyo maana mtu anaungua akiwa chini ya mwavuli. Ngozi nyeusi nayo huungua, inachelewa tu kuonyesha. Mtoto chini ya miezi 6 asiwekwe juani kabisa, hata kwa ajili ya picha.

Chakula. Kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa 2, na joto likipita nyuzi 32 ni saa 1. Sahani ya nyama inayofunikwa kitambaa kuanzia mchana hadi jioni "watu wajipakulie" ndiyo inayonipa kazi tarehe 26. Toeni kidogo kidogo, kingine kibaki kwenye friji. Mtu akianza kuharisha na mko mbali na kituo cha afya: lita 1 ya maji salama, vijiko vidogo 6 vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi, vijiko vyote viwe vya kusawazishwa. Anywe taratibu. Mtoto mdogo akilegea, au mtu akiharisha damu, hiyo si ya nyumbani.

Mbu. Wa malaria anauma usiku, chandarua kinamtosha. Wa dengi anauma mchana, chandarua hakimhusu. Mwageni maji yaliyotuama kwenye ndoo, vifuu vya nazi na vyungu vya maua wiki moja kabla ya wageni. Na kama eneo lenu lina malaria, mwambieni mgeni wakati anaondoka: ukipata homa wiki au hata miezi baadaye, mtajie daktari kwamba ulikuwa huku. Daktari wa mahali pasipo na malaria hataiwaza.

---

Godoro_la_Sita

Sista, na ile ya kukojolea mtu aliyewashwa na konyeza, yule mnyama wa baharini laini kama jeli mwenye nyuzi?

---

Sista_Zamu

Usimkojolee mtu. Msichana wa watu anaondoka na maumivu yaleyale pamoja na fedheha. Usisugue kwa mchanga pia. Toka majini, ondoa nyuzi zake kwa kibano au ukingo wa kadi, suuza kwa maji ya bahari. Akipumua kwa shida, kimbieni hospitali.

Aliyechomwa na taa, yule samaki bapa mwenye mwiba mkiani, au kukanyaga wale viumbe weusi wenye miiba kama nungunungu: maji ya moto kadiri anavyoweza kuvumilia, kama nyuzi 45, yasimbabue, aloweke kuanzia nusu saa hadi saa moja na nusu, halafu aonekane na daktari. Kinga ni rahisi kuliko tiba. Viatu vya kufunika, na majini tembea kwa kuburuza miguu, taa akisikia mchanga unatikisika anaondoka mwenyewe.

---

Mlinzi_wa_Mawimbi

Naunganisha na bamvua ya mleta uzi kwa sababu watu wamelipita hilo.

Nimejitolea miaka kadhaa kukaa ufukweni na filimbi. Kwenye bamvua maji yakikupwa sana, wageni wanatembea kwenda kwenye mwamba mbali kule kuokota makombe na kupiga picha. Wanatazama mbele, kuelekea baharini. Maji yanarudi NYUMA yao kwanza, kupitia mabonde ambayo walipita makavu. Wakigeuka, njia haipo. Kanuni yangu: anza kurudi kabla maji hayajaanza kurudi. Ukisubiri kuyaona, umechelewa. Kwa Krismasi hiyo ya 2026 mwekeni mtu mzima mmoja mwenye saa.

La pili ni mkondo unaovuta kwenda kilindini. Mgeni anachagua pale pasipo na mawimbi yanayovunjika, paliponyooka, maji meusi kidogo, anaona pametulia. Mara nyingi pale ndipo maji yanapotokea kurudi baharini. Ukibebwa, usishindane nao kurudi moja kwa moja, hata muogeleaji hodari huchoka. Elea, pumua, ogelea kufuata ufuo hadi utoke kwenye mkondo, ndipo ugeukie nchi kavu. Ukishindwa, endelea kuelea na inua mkono.

La tatu ndilo linalonikosesha usingizi. Mtu anayezama hapigi kelele. Hapungi mkono. Kichwa kinalala nyuma, mdomo uko usawa wa maji, anaonekana kama anatazama mbingu. Watu 14 ufukweni, kila mmoja anadhani mwingine anatazama watoto. Kwetu tuna kofia nyekundu. Aliyeivaa hanywi pombe, hashiki simu, kazi yake ni kuhesabu vichwa kwa nusu saa, kisha anamvika mwingine. Kofia haivuliwi ikawekwa mezani, inavuliwa kichwa hadi kichwa.

---

Mtoto_wa_Bara

Mimi ni upande wa pili, ni MGENI. Ninyi wenyeji nanyi mna yenu.

Tunafika, mnatuambia "choo kinavuta vizuri tu" halafu siku ya tatu tunaambiwa kwa macho makali tusitumie maji mengi. Tungejuaje? Kwetu bomba halikatiki. Kaka yangu ana tenki na alikuwa analipanda usiku kupima maji kwa kijiti, hasemi kitu, anashuka amenuna. Si aseme tu.

Na hatukuja kwa ajili ya bahari peke yake jamani. Mwaka jana ratiba ilijaa kila saa, mashua, kisiwa, soko. Mama yangu alitaka akae na mwanawe chini ya mti waongee. Hawakuongea.

---

Maji_Kupwa

Mtoto wa Bara, hilo la mwisho limenigusa, na nakiri nimelifanya. Unamwandalia mtu bahari nzima, kumbe alitaka nusu saa yako.

La maji uko sahihi pia. Wenyeji, semeni siku ya kwanza, kwa mdomo, kabla mizigo haijafunguliwa: tenki letu ni la ukubwa huu, tuko watu hawa. Mgeni wa baharini anaoga mara tatu, chumvi inamuwasha, huwezi kumlaumu. Wekeni bomba au ndoo nje, mlangoni, kila mtu asuuze miguu na nguo za kuogelea hapo. Mchanga hauyeyuki. Ukiingia bafuni unakaa kwenye bomba hadi Pasaka. Na shimo la maji taka la familia ya watu 4 likipokea watu 14 kwa wiki, lisiponyonywa kabla litajitangaza lenyewe siku ambayo hukupanga. Novemba ndio mwezi wa kumwita mwenye gari. Desemba hapokei simu.

Kiyoyozi: mlango ufungwe. Vijana wanafungua mlango ili wasikie mawimbi, huku mashine inapooza bahari.

---

Upepo_Mwanana

Haya ya maji taka nimeyaelewa vizuri mno, asante, nilikuwa nakula.

---

Godoro_la_Sita

Swali dogo. Shemeji yangu anataka kuzamia na mtungi asubuhi ya siku anayopanda ndege jioni. Ni sawa?

---

Mlinzi_wa_Mawimbi

Si sawa. Akizamia mara moja tu asubiri angalau saa 12 kabla ya kuruka, akizamia mara nyingi au siku mfululizo, angalau 18. Wanaofundisha kuzamia wengi hupendekeza siku nzima. Naitrojeni iliyoingia mwilini kule chini haijatoka, ndege inapunguza mgandamizo, mapovu yanafanyika kwenye damu na viungo. Mpangie siku ya kwanza azamie, ya mwisho abaki juu ya maji na kinyago tu.

---

Jembe_la_Tatu

Na msiweke viti vya wazee chini ya mnazi wenye nazi. Kila mtu anajua, kila mtu anaweka kwa sababu kivuli ni kizuri.

---

MamaPacha

Nimerudi kutoa ripoti. Nimetuma mwaliko mpya kwenye gurupu kwa mtindo wa mleta uzi: tarehe ya kuja, ya kuondoka, mlo wa kila familia, na saa yangu ya kalamu nyekundu. Kimya cha dakika 40. Halafu mama mkwe akaandika "Vizuri. Mimi nitapika tarehe 26, na nitaogelea na wewe." Mama mkwe! Sikujua kama anajua kuogelea.

---

Mtoto_wa_Bara

Mleta uzi, hukutumalizia. Ile sufuria ya kuku ilipatikana?

---

Maji_Kupwa

Sufuria ilirudi jioni maji yalipokupwa, imekaa wima kwenye mchanga, imejaa maji ya chumvi na kaa mmoja. Mama aliisugua, na bado tunaipikia.

Mfuniko hadi leo.